Mama Watiri na Mikono ya Mkwe Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na aliye jikoni aongeze sauti ya redio. Leo tunamkumbuka Mama Phyllis Watiri wa Othaya. Alizikwa Jumamosi iliyopita, mwaka huu wa 1999, akiwa na miaka sabini. Lakini moyo wake ulisimama mara ya kwanza mwaka 1992. Nasema tena: 1992. Hiyo miaka saba ya katikati ndiyo inanifanya nitabasamu hata kwenye msiba.

Watiri alikuwa mkulima wa chai. Mjane, mwenye ulimi mkali na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Binti yake alikuwa mmoja tu, Wangechi. Siku ile ya 1992 ilikuwa ya ruracio. Wageni walikuwa wamekuja kujadili mahari. Mchumba alikuwa Kingori, kijana mpole wa kiwanda cha chai. Na mnazijua mila zetu. Mkwe hamsogelei mama mkwe ovyo. Hata kutafuna mbele yake ni taabu. Asubuhi nzima Kingori aliinamisha macho, sahani yake haijaguswa.

Watiri alitoka jikoni na birika. Akafika katikati ya wageni, akaanguka. Birika kule, yeye huku. Hapumui. Watu wakafanya tunavyofanya sote: wakamzunguka, wakampepea kwa leso, mmoja akammwagia maji, mwingine akaanzisha sala.

Kingori akapenya katikati yao, akapiga magoti. Mwaka mmoja kabla, kiwanda kilikuwa kimempeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Alijifunza kwa mwanasesere wa mpira, wenzake wakimcheka. Sasa akaweka kiganja katikati ya kifua cha mama mkwe, mkono wa pili juu yake. Akabonyeza kwa nguvu, haraka haraka, mara kumi na tano. Kisha akamziba pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mama mkwe, akapuliza mara mbili. Akarudi kifuani.

"Hapo hata mimi nilifunika uso," Wangechi aliniambia.

Mzee Mathenge, kaka yake Watiri, akamvuta koti. "Wacha! Hiyo ni mama yako! Wewe kijana hauna haya?"

"Mzee, nikiwacha anakufa."

Hakuacha. Hakuacha hata walipompakia mama kwenye pikapu. Alibonyeza njia nzima, kona baada ya kona, mpaka hospitalini, na huko daktari akatumia mashine ya kushtua moyo. Mshtuo wa kwanza, kimya. Wa pili, moyo ukaitika! Daktari alisema wazi kwamba bila ile mikono, mashine ingekuta maiti.

Mnadhani yaliisha hapo? Thubutu! Wiki ya pili wazee walimfuata Watiri kitandani. Walitaka uchumba uvunjwe. Kijana aliyemshika mama mkwe vile, mbele ya ukoo mzima, ataoaje katika nyumba hiyo? Wangechi alisimama mlangoni akilia. Neno la mwisho lilikuwa la mama yake. Na mama, mbavu mbili zimevunjika kwa kule kubonyezwa, akajiinua kwa kiwiko.

"Ati mnataka Wangechi aolewe na nani? Mtu ya kuniangalia nikikufa, na heshima yake? Huyo Kingori ndiye kijana yangu. Ruracio iendelee. Na mniletee uji, niko na njaa."

Ruracio ikaendelea. Harusi ikafungwa. Kila Julai, baridi ikichoma, Watiri alikuwa akishika ubavu na kumtania mkwe wake: "Kingori, hii kazi yako inaniuma."

Mwaka 1993, akiwa na miaka sitini na nne, alienda mafunzoni yeye mwenyewe. Halafu akaanza kufundisha kwenye kituo cha chai, wakulima wakingoja lori la kiwanda. Mwanasesere wake alikuwa gunia lililojazwa nguo kuukuu. Alianza na swali moja: "Nani hapa hawezi kushika mama mkwe yake? Huyo aje mbele, aanze yeye."

Wanaume walikuwa wakijificha nyuma ya vikapu! Lakini walijifunza. Mwaka 1997 mmoja wao, Mutahi, alimtoa mama mkwe wake mtoni akiwa hapumui. Hakuuliza mtu. Alipuliza, akabonyeza, na mama akatapika maji. Mama huyo bado anachuma chai.

Watiri alifariki usingizini, kwake nyumbani. Jumamosi, Kingori alibeba jeneza upande wa kichwa. Mzee Mathenge alikuwa nyuma yake, na hakuna aliyemwambia mkwe asimame kando.

Kwa Wangechi, kwa Kingori na wajukuu, poleni sana. Mungu awafariji. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkumbukeni leo yule mtu mnayemheshimu hata kumpa mkono mnaona haya. Siku akianguka mbele yenu, mikono yenu itakuwa wapi?