Zile Karata za Tisa Nilizoanza Nazo Makobola

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Uvira, wa Kilibula na Nyamianda, na ninyi wote wa njia ya Fizi. Wanaonijua wanajua kwamba minye si muntu wa maneno madogo. Nyumba yangu ya manjanja, yaani ya mabati, iko Kilibula, kila mpita njia anaiona. Niliijenga bila baba, bila mjomba. Shule niliacha darasa la pili, na leo wenye diplome wanakuja kwangu kuazima viti siku za harusi. Sisemi hivi kwa kiburi, nasema kwa sababu iko kweli. Lakini kuna jambo moja katika maisha yangu ambalo sikulifanya mwenyewe, na hilo ndilo ninaloshuhudia hapa.

Mbele ya uhuru, wakati wa Wabelgiji, nilikuwa boi katika serkle ya Wazungu wa pamba, ile nyumba yao ya kunywa na kucheza. Nilibeba bia, nilifuta meza, nilitazama. Bingwa wao alikuwa Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa. Walicheza poka ya karata saba, ile ya kugawa mara mbili: nusu ya mali iliyowekwa mezani inakwenda kwa mwenye mkono wa karata mkubwa kuliko wote, na nusu nyingine kwa mwenye mkono mdogo kuliko wote. Wazungu wengine walipiga kelele na kuingia kila mchezo. Mgiriki alinyamaza, akatupa, akatupa tena. Unapewa karata tatu za kwanza, mbili umezificha, moja iko wazi mbele ya watu. Hapo hapo unaamua kuingia ama kutupa. Muntu anashinda ama anashindwa pale, kabla karata ya nne haijafika.

Minye nililifahamu jambo hilo kuliko Mgiriki mwenyewe. Mpumbavu akipata wafalme wawili anacheka, lakini wafalme wawili wanakimbilia nusu moja tu, ile ya juu. Wewe tafuta ndogo. Ukipata asi, yaani ile ya moja, pamoja na mbili na tatu, hizo ni karata zenye njia mbili. Zikibaki ndogo unakula chini, na zikifuatana mpaka tano unaweza kula juu pia. Na zile za kati, nane na tisa? Nilizifananisha na ndagala, yaani dagaa, zilizonyeshewa mvua: mbichi si mbichi, kavu si kavu, hakuna anayezinunua. Hizo ni za kutupa bila kufikiri.

Mwishoni kila mchezaji anaficha ngumi nyuma ya mgongo, kisha anaitoa. Ngumi tupu maana yake nataka nusu ya chini. Kijiwe kimoja, nataka ya juu. Vijiwe viwili, nataka zote. Lakini mwenye viwili akishindwa upande mmoja, hata kama upande wa pili ni wake kabisa, anakosa vyote.

Uhuru ulipofika Wazungu walivuka kwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na karata zikabaki mikononi mwangu. Nilicheza Nyamianda na makarani, na walimu, na watu wa forodha. Kwa karata hizo nilinunua mtumbwi mkubwa na moteri yake. Sikuwa mulevi, sikuwa mwizi. Niliamini karata tatu za kwanza, basi. Na ndugu zangu, hata watu niliwachagua vile vile. Karani mwenye rafiki serikalini na rafiki sokoni, huyo nilimshika, maana ana njia mbili. Wengine niliwapita.

Dada yangu mdogo, Estera, aliolewa na mvuvi wa Makobola, jina lake Yona. Yona alikuwa muntu wa kusali, mpole, mwenye nyavu mbili na shamba la mihogo. Hakuwa maskini wa kuhurumiwa, hakuwa tajiri wa kunifaa. Machoni pangu alikuwa tisa. Miaka ile yote sikula nyumbani kwake hata siku moja, mpaka uasi ulipokuja.

Waasi walishuka kutoka milimani, na Uvira ikawa yao. Nilipakia vitu vyangu katika mtumbwi nikakimbilia Makobola, kwa Yona huyo huyo. Alinipa chumba chake, yeye na Estera wakalala jikoni. Wiki haikuisha, komanda wa waasi akafika na watu wake, akauchukua mtumbwi wangu na moteri. Aliniambia kwamba hawaibi, wanaazima kwa ajili ya mapinduzi. Neno hilo la kuazima alilitamka kwa uangalifu, na sababu ilikuwapo.

Waasi wale walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zikiwafikia zigeuke maji. Dawa ilikuwa na miiko yake. Aliyenyunyiziwa asiguswe na mkono wa muntu asiyenyunyiziwa. Asipokee kitu kutoka mkononi mwake. Na asiibe. Akivunja, dawa inatoka mwilini, risasi inaingia kama kwa muntu yeyote. Mganga wao, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, alitembea nao kila mahali kuchunga miiko hiyo.

Komanda alipoona karata zangu akataka kufundishwa. Tulikaa chini ya kibanda cha kukaushia ndagala. Nilikuwa naziweka karata kwenye mkeka, naondoa mkono, ndipo yeye anaziokota. Nilimfundisha yote, kuanza na ndogo, kutupa za kati, kupenda njia mbili. Alishika upesi. Akaniita Fundi, nami nilifurahia jina hilo, maana lilinistahili.

Kisha ikafika asubuhi ya kamio, lile lori la waasi. Walitaka wanaume wa kubeba masanduku ya risasi mpaka uwanda wa Ruzizi, ambako jeshi la serikali lilikuwa linakuja. Wabebaji hawakupewa dawa. Waliotangulia kutoka Makobola hakurudi hata mmoja. Watu wa komanda walipita nyumba kwa nyumba, na Yona akapandishwa kamio pamoja na wengine.

Estera alinikuta nanyoa ndevu. Hakulia. Alisema, "Yaya, kaka yangu, weye njo unacheza na ule komanda. Kama Yona anaenda, usikuye tena kula kwangu."

Nilikwenda. Nilimweleza komanda kwamba yule ni shemeji yangu. Alikuwa na furaha asubuhi ile, akasema tucheze mchezo mmoja. Nusu ya juu ni Yona, nusu ya chini ni mtumbwi wangu na moteri. Upande wangu niweke mwili wangu: nikishindwa yote, napanda kamio mimi na Yona. Mganga ndiye atakayegawa. Kisha akaongeza sharti, akicheka na watu wake:

"Fundi, weye unatupaka karata sana, kama mama anachagua mchele. Leo ukitupa za kwanza, umepanda."

Watu wake walicheka. Mmoja aliniambia nilete na blanketi, kule uwandani usiku kuna baridi.

Mganga aliweka karata tatu mbele yangu. Ya wazi ilikuwa tisa. Nikainua zile mbili za kufichwa. Tisa nyingine, na dame, yaani yule malkia. Ndugu zangu, katika maisha yangu yote sijaingia mchezo na karata kama zile. Tisa mbili haziendi chini kamwe, na juu zinapigwa na kila muntu. Mkono wangu ulianza kuzisukuma mbele wenyewe, kwa mazoea, kama mkono unavyofukuza nzi. Niliinua macho nikaona Yona amekaa pembeni ya kamio, miguu inaning'inia. Hakuwa ananitazama mimi. Midomo yake ilikuwa inasogea taratibu, alikuwa anasali.

Nilizuia mkono. Nilisema moyoni, macho wazi: Bwana, za kuchagua zimekwisha, nimebaki na hizi. Sala yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, na haikuwa ndefu.

Komanda mbele yake aliweka wazi tatu, ikaja mbili, ikaja tano, kisha mfalme. Kila ndogo ilipoanguka alinitazama kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu ubao wake. Mimi nilipata nne, halafu tisa ya tatu, halafu jeki, yule kijana mwenye kofia. Karata ya mwisho inafichwa. Niliinua pembe yake kwa kidole. Dame ya pili.

Tukaficha ngumi. Nilikuwa na tisa tatu na dame mbili. Mkono huo ni mkubwa, lakini wa juu tu, na nusu ya juu ilikuwa Yona. Mtumbwi wangu ulikuwa kule chini, siwezi kuufikia. Nilichukua kijiwe kimoja. Tukatoa ngumi. Komanda alikuwa na viwili.

Akafunua: moja, mbili, tatu, nne, tano. Zinafuatana zote. Hakuna mkono mdogo unaozidi huo, na kwa juu unapiga tisa tatu. Alikuwa ameona tisa zangu mbili zilizo wazi, akakisia nimeficha ya tatu, na mpaka hapo alikuwa sahihi. Alicheza vizuri kabisa, alicheza kama mimi. Nikafunua dame zangu mbili pembeni ya zile tisa. Tatu zinazofanana na mbili zinazofanana zinapiga zinazofuatana. Ameshindwa juu, na kwa vijiwe viwili amekosa vyote, nusu zote mbili ni zangu.

Komanda alisimama. Alisema Yona anaweza kushuka baadaye, akirudi, na mtumbwi bado mapinduzi yanauhitaji. Watu wake wakaanza kujipanga nyuma yake.

Aliyemjibu ni yule mganga, bado amekaa kwenye mkeka.

"Komanda, kwanza ilikuwa kuazima. Umeviweka, umevipoteza. Ukivishika sasa, njo wizi. Na uko unaenda kwenye masasi, kwenye risasi za serikali."

Komanda alizitazama zile karata. Alikuwa kijana, sasa naona hivyo, wakati ule sikuona. Kisha akaelekea kamio, akamwambia Yona ashuke. Yona alishuka, akajipangusa vumbi la magoti, akawapa mkono wale waliobaki juu, mmoja mmoja, na alilia kwa ajili yao.

Siku ile ile tuliwasha moteri tukavuka ziwa, mimi, Estera, Yona na watoto, pamoja na majirani kadiri mtumbwi ulivyoweza. Karata niliziacha kwenye mkeka. Katikati ya maji Yona aliniuliza nilianza na karata gani. Nikamwambia. Alikuwa amenisikia nikijisifu miezi mingi, alijua tisa ni nini.

"Sasa, shemeji, ulikuwa unatafuta nini na takataka ile?"

"Nilikuwa nakutafuta weye," nikamjibu.

Akacheka mpaka Estera akamwambia akae chini, mtumbwi unayumba.

Ndugu zangu, sijacheza tena tangu siku ile, na si kwa sababu nilisahau. Bado najua kuliko wote wa pwani hii. Lakini nilitolewa katika kitu ambacho karata zilinifundisha, kumpima muntu kwa vile anavyoonekana siku ya kwanza na kumsukuma mbali. Aliyenitoa ni Bwana, na alitumia karata mbaya kuliko zote nilizowahi kushika, ili nisije nikasema ni akili yangu. Yona bado anabisha kidogo. Anasema Bwana alinituma mimi kwa kukosa mwingine karibu. Namwachia aseme, ni haki yake.

Namshukuru Mungu kwa uhai wake na wangu. Na weye unayesoma, pengine watu wamekuona mara moja wakakupita, pengine umejipita mwenyewe, mwamini Bwana, uje. Kanisa letu liko Kilibula, upande wa ziwa. Mlangoni utamkuta mzee mmoja mpole anapokea watu. Ni Yona huyo. Anampa mkono kila anayeingia.