Shairi la Elidad

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na basi letu la Haifa lilikuwa kimya kuliko kawaida. Mama aliyekaa mbele yangu alimpa mzee wa pembeni yake karatasi. "Ni shairi la marehemu mwanangu, Elidad. Leo shuleni kwake wanataka nisome lile lake la vita. Mimi nataka hili la amani."

Mzee alilisoma, akakohoa. Kwetu kila abiria ni mhakiki. "Mama, hapa anasema amani ikija atalala mpaka adhuhuri, asiamshwe. Watu wanakuja kulia, wewe unawaletea mvivu?"

"Alikuwa mvivu kweli, mzee wangu. Lile la vita lina shujaa, na shujaa mimi simjui. Huyu ndiye niliyekuwa nikimvuta shuka kila asubuhi aamke."

"Watamcheka."

"Wamcheke. Nina hamu ya kusikia mtu akimcheka tena."

Mzee alifungua mdomo, king'ora cha kumbukumbu kikalia. Dereva akasimamisha basi katikati ya barabara, tukashuka sote, tukasimama kimya kama kila mwaka. Nilimsomea marehemu mume wangu zaburi moyoni. Mama yule aliibana karatasi kifuani, akaifunika kwa viganja vyote viwili, kama anayemziba mtoto masikio asiamke.