Mzee Nathanael na Uwanja wa Visahani

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mzee Nathanael, mtunza mazingira wa chuo chetu cha ufundi hapa Ilembo, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 1997. Wenzangu wa jikoni wameniomba niandike habari zake, wakasema niandike za kufurahisha. Nitajaribu.

Alikuja kijana kutoka Usevya, akaanza kwa kufyeka nyasi. Ile miombo nyuma ya karakana ingekwisha zamani kama si yeye kuilinda. Mwaka 1991 mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alileta visahani vya plastiki na mchezo wake: unarusha kisahani katikati ya miti mpaka kiingie kwenye kikapu, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mwalimu alipoondoka tulidhani mchezo umeondoka naye. Mzee akatengeneza vikapu kwa rimu na minyororo ya baiskeli. Rimu zilipokwisha, kikapu cha sita akakifanya kwa mzinga wa zamani, akautoboa ubavuni na kuuning'iniza mtini. Miti ilipochanua, nyuki wakarudi nyumbani kwao. Tangu hapo, cha sita unarusha kisha unakimbia.

Uwanja ule una kasoro, tusidanganyane. Mvua zikinyesha nyasi zinafika kiunoni, na nyoka wapo. Ng'ombe wa jirani yetu Masele wanakatiza kwenda kunywa maji, na mmoja alikanyaga kisahani kikapasuka. Mzee akamfuata Masele kwa hasira. Masele akamjibu, "Ng'ombe wangu hajasoma, mzee. Si mngemfundisha sheria?" Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake Mzee akaja kurusha mfuniko wa ndoo badala ya kisahani kile.

Lakini niambieni, ni uwanja gani mwingine hapa chuoni unacheza ukiwa na mtoto mgongoni? Mpira ni wa vijana, sisi tunaangalia tu. Kwenye visahani, Bibi Pelagia wa kufua alimshinda mwalimu wa useremala, na mwalimu hakuonekana jikoni kwa chai siku mbili. Watoto wetu walilala kwenye kivuli kile, Mzee akiwaangalizia siafu. Wangu alianza kutembea akifuata kisahani.

Mwaka huu uongozi umeamua miti ikatwe iwe kuni za kukaushia tumbaku ya chuo. Kazi ya mwisho aliyopewa Mzee ni kuipaka alama nyekundu. Aliipaka yote, maana hajawahi kukataa kazi. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema, "Niachieni miti ile." Amepewa saa ya ukutani.

Vikapu vya rimu vimeshateremshwa, tunaanikia sahani. Sahani ikigonga mnyororo, jikoni kote watu wanageuka kutazama nje. Kimebaki cha sita. Wakataji wanaogopa nyuki, kwa hiyo tumeagizwa sisi wa jikoni tukifukize moshi na kukiteremsha kabla ya Jumatatu. Hatutakiteremsha. Mkuu wa chuo tumeshamwambia kwa heshima, na hapa tunarudia.

Asante, Mzee wetu. Uwe na afya, na mpunga wa Usevya ukukubali. Ukija mjini, pita utupe kisahani kimoja kwenye kile cha sita. Na Mungu akuachie mbio zako.