Ufugaji Bora wa Kuku

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyekaa naye kana kwamba wamekua pamoja. "Kaka yangu, mimi kupenda vitabu nimeletewa na kuku! Niliazima maktabani kitabu cha kufuga kuku. Kufungua ndani, nakuta riwaya iliyopigwa marufuku! Nikasoma mpaka sufuria ikaungua. Tangu siku hiyo sijaacha kusoma, na kuku sijafuga hata mmoja."

Mzee akageuka mwili mzima. "Jalada la kijani? Limeshonwa kwa uzi mwekundu?"

"Wewe umejuaje?"

"Nimelishona mimi! Nilikuwa mshona vitabu pale. Vya marufuku tuliambiwa tuvichome, mkono ukakataa, hicho nikakivika jalada la kuku."

Mama akamchapa kofi la begani, mzee wa watu nusura adondoshe miwani. "Kumbe ndiye wewe uliyenitesa miaka thelathini! Kurasa za mwisho ziko wapi?"

"Mkaguzi aliingia kabla sijamaliza kushona, nikazificha. Ziko nyumbani kwangu. Niletee kitabu nikimalizie."

"Kitabu hakitoki mkononi mwangu. Lete wewe kurasa."

"Kitabu ni cha maktaba, dada."

"Maktaba iliyotaka kukichoma?"

Hapo mzee akaamua kutisha. "Basi nakwambia mwisho wake hapa hapa. Yule bibi harusi..."

"Usithubutu!"

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana. Kituo changu kilikuwa bado mbele, na tangu niache shule sijamaliza kitabu hata kimoja, lakini nilishuka nao.