Mme Mathakane Letlatsa, Aliyekataa Kutia Sahihi Sifuri za Ha Mphuthi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mme Mathakane Letlatsa anastaafu. Ametumikia Chuo Kikuu cha Tsoelikana miaka thelathini na miwili, yote katika kitengo kimoja, kile cha utafiti wa elimu ya awali, na yote akiwa na dereva mmoja. Dereva huyo ni mimi, Ntate Lebusa Phafoli (kwa Kisotho Ntate ni baba, Mme ni mama). Ofisi ya jarida ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Nikawauliza, msomi gani amepanda naye milima hii miaka yote na kumrudisha salama? Wakanisogezea karatasi. Basi kalamu ninayo mimi. Kama kuna herufi imekaa vibaya, mhariri asiiguse mpaka aniulize.

Alikuja mwaka 1993 kupiga chapa. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo huko Quthing. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchapa maandiko ya miradi ya maprofesa, yale wanayopeleka kwa wafadhili kuomba fedha za utafiti. Kosa walilofanya ni kumpa mashine mtu anayesoma anachochapa. Siku moja alimwendea profesa na karatasi mkononi.

"Ntate, hapa umeandika watoto wa milimani hawana vitu vya kuchezea. Nani aliwaona?"

"Inajulikana, Mme."

"Mimi nimewafundisha. Wana ng'ombe wa udongo, wana vijiji vizima vya mawe. Nichape hivyo hivyo au nirekebishe?"

Profesa alikuwa mtu mwema, akamwambia arekebishe. Andiko lile lilipata fedha, ilhali la profesa huyo huyo la mwaka uliotangulia lilikuwa limekataliwa. Kuanzia hapo hakuna andiko la kitivo lililotoka bila kupita mezani kwake. Akasoma jioni, akapata shahada, akapata ya pili, akawa mratibu wa kitengo. Mimi nilikuwa nimeshasema tangu wiki ya kwanza kwamba huyu mama atafika. Mashahidi ninao, wawili wako hai.

Kwa wasioijua kazi yake: nafasi za ufadhili hutangazwa, na kila tangazo lina tarehe ya mwisho. Wakubwa wengine walikuwa wakiyaweka matangazo kwenye droo mpaka tarehe ipite. Mme Mathakane aliyaandika upya kwa Kisotho, kwa herufi kubwa, akayabandika kwenye maduka na zahanati, akayasoma kwenye mikutano ya machifu. Alitaka mwalimu wa kijiji cha mwisho kabisa ajue kwamba ipo fedha ya kumsomesha. Walimu kumi na tisa wamesoma hivyo. Mmoja alijazia fomu yake kwenye boneti ya gari langu, theluji ikimwangukia kwenye blanketi alilojitanda, na Mme Mathakane amemshikia mwavuli huku akimgombeza: "Usiandike 'najua kidogo.' Umelea watoto wa watu miaka tisa, kidogo iko wapi hapo?"

Alikuwa mkali ndani ya gari pia. Kuvuta tumbaku, hapana. Redio, akimaliza kusoma. Chakula chake kilikuwa mkate wa kupikwa kwa mvuke na chai ya chupa, na alikigawa sawa kwa sawa hata kama mgeni ni profesa kutoka ng'ambo. Nimegombana naye mara nyingi kuhusu njia, na mara zote nilikuwa sahihi mimi, isipokuwa moja, ambayo hatuizungumzii.

Lakini jambo lililonifanya ning'ang'anie kalamu hii ni la mwaka 2009.

Mwaka huo kitengo kilikuwa na mradi mkubwa. Vijiji kumi na vinne vya milimani vilikuwa na madarasa ya awali, kila darasa na mwalimu wake, na mishahara yote ilitoka kwa wafadhili. Mshahara wa Mme Mathakane pia. Sharti lilikuwa moja: watoto wa miaka mitano wapimwe, wafadhili waone kama fedha zao zinafanya kazi. Kipimo kilitoka kwao, kimetafsiriwa vizuri tu, na picha za rangi.

Tukaanzia kijiji cha Ha Mphuthi. Msaidizi wa utafiti, kijana anaitwa Tlotliso, mzaliwa wa mjini, alikaa na watoto darasani siku mbili. Aliporudi kwenye gari uso ulikuwa umemwanguka. Watoto sitini na wanne, na kwenye swali la hesabu sitini na mmoja wamepata sifuri.

"Swali gani hilo?" nikamwuliza.

"La ng'ombe, ntate. Picha ina ng'ombe saba. Unamwuliza mtoto, ng'ombe wangapi? Wengine wananyamaza. Wengine wananijibu, wa nani? Mmoja ameniuliza yule mwenye mgongo mweupe ameenda wapi. Hawajui kitu."

Nikacheka mpaka nikashika usukani. Nikamwambia, "Wewe kijana, hata mimi ningepata sifuri."

Mme Mathakane alikuwa nyuma anaandika. Kalamu ikasimama. "Ntate Lebusa, hebu shuka. Njoo ukae hapa."

Akanipima. Pale pale juu ya jiwe, mimi mzee mzima na kofia yangu, akanionyesha picha. "Ng'ombe wangapi?"

"Wa nani?" nikasema.

"Ntate, usinichezee."

"Sikuchezei, Mme. Kwetu huku mtu hahesabu ng'ombe wa watu kwa sauti. Ukifanya hivyo unaonekana umewatamani, na kesho mmoja akiugua utatajwa wewe. Mtoto anakatazwa hilo kabla hajaota meno yote. Ng'ombe tunawajua kwa rangi na kwa sura. Hatuwahesabu."

Akaandika sifuri kwenye karatasi, akaweka jina langu juu. Ninayo mpaka leo. Katika chuo hiki kizima ni mimi peke yangu niliyeanguka mtihani wa watoto wa miaka mitano nikashukuriwa.

Tulirudi chuoni. Matokeo yalipaswa kutumwa kabla ya mwisho wa mwezi, na sahihi ilikuwa ya mratibu. Mkuu wa kitivo wa wakati huo akamwita. Mlango haukufungwa vizuri, na mimi nilikuwa nangoja funguo za gari, kwa hiyo nilisikia.

"Tia sahihi, Mme. Ni takwimu tu."

"Zikifika hivi watasema miaka mitatu ya madarasa haikufundisha kitu. Watafunga vijiji vyote kumi na vinne. Na wale watoto wataingia darasa la kwanza wameshaandikwa wajinga."

"Na usipotia sahihi fedha zinasimama mwezi ujao. Mkataba wako uko kwenye mradi huo huo. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria njia nzima kutoka mlimani."

"Kwa hiyo?"

"Sisaini."

Alitoka, akanipa funguo, akasema twende posta. Barua aliyoipeleka kwa wafadhili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Alieleza swali lina kasoro gani, akaomba mtu wao aje aone kwa macho yake. Wiki tatu hakuna jibu. Mshahara wake wa mwezi ule haukuja. Walimu wa vijiji pia hawakulipwa, na wawili walishuka kwa miguu kumwuliza, "Mme, umetufanyia nini?" Aliwapikia papa, ule ugali wetu wa mahindi, na mboga, akawaambia ukweli wote, wakalala kwake. Hakulia mbele yao. Kwenye gari kesho yake hakufungua hata karatasi moja ya kusoma, na nikazima redio bila kuambiwa.

Wiki ya nne akaja Bwana Sondre, mjumbe wa wafadhili, mrefu, mpole, ana daftari la kila kitu. Tukampandisha Ha Mphuthi. Alfajiri Mme Mathakane akamsimamisha mlangoni mwa zizi la Ntate Moshabesha, ng'ombe wakitoka.

"Waangalie vizuri," akamwambia. "Jioni nitakuuliza kama wametimia."

Bwana Sondre alihesabu, tena kwa sauti, kwa kidole. Ntate Moshabesha akavuta blanketi mpaka puani akatazama upande mwingine. Ishirini na sita. Akaandika daftarini.

Jioni wakarudi. Safari hii Mme Mathakane alimsimamisha pembeni yake Keneuoe, mjukuu wa mwenye zizi, miaka mitano, mmoja wa zile sifuri. Ng'ombe wakaingia. Mgeni akahesabu tena, akatabasamu.

"Ishirini na sita. Wametimia."

Tlotliso akatafsiri. Mtoto akaficha uso kwenye blanketi akacheka.

"Unacheka nini, mama?" Mme Mathakane akamwuliza.

"Hawajatimia. Ndama wa Tšoana hayupo."

"Mgeni anasema ni wale wale."

"Yule mwenye baka begani si wetu, ni wa kwa mjomba. Amejiingiza tu." Kisha akamgeukia babu yake, kicheko kimeisha. "Ntate-moholo, ndama atakuwa kwenye korongo. Mama yake anaangalia huko."

Na kweli ng'ombe mweusi Tšoana alikuwa amesimama mlangoni anakataa kuingia, shingo ameielekeza korongoni. Tukaenda. Mimi mbele, kwa sababu miguu yangu inayajua mawe. Ndama alikuwa amekwama kati ya miamba miwili, anatetemeka, na usiku ule barafu ilishuka. Asingefika asubuhi. Bwana Sondre mwenyewe alishika miguu ya nyuma, akachafua koti lake lote.

Tulipofika zizini alifungua daftari, akaweka kidole kwenye ile ishirini na sita. Akamwuliza Mme Mathakane, "Sasa hili nitaliandika kwenye safu gani?"

"Hakuna safu," akamjibu. "Ndiyo sababu nimekuita."

Sitadanganya kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo hiyo. Wafadhili walikata theluthi ya fedha. Vijiji viwili vilikosa walimu mwaka mzima, na hilo bado linamuuma, namjua. Lakini matokeo yale yaliwekwa kando, na tukapewa miezi kumi na mitano kutengeneza kipimo chetu wenyewe. Mme Mathakane alikitengeneza akiwa na walimu wa vijiji, maana alikataa kitengenezwe ofisini. Mtoto anaulizwa nani amekosekana na amejuaje. Hesabu wanahesabu mawe, ambayo hayana mwenyewe. Safari ya pili Ha Mphuthi, watoto wale wale, waliopata sifuri walikuwa wanne. Keneuoe alimsahihisha Tlotliso mara mbili. Tlotliso ni daktari wa falsafa sasa, na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza anaanza kwa kuwapeleka zizini.

Leo madarasa ni arobaini na moja. Nimeyafikia yote.

Kwenye hafla Ijumaa, saa nane mchana ukumbini, mtasikia wakubwa wakitaja fedha zote alizoleta chuoni. Watataja vizuri, wana orodha. Mimi nataka iandikwe kwamba mwezi ule wa 2009 hakuwa na mshahara, wala mwanasheria, wala mkubwa wa kusimama naye. Alikuwa na dereva, na dereva hakuwa mtu mdogo, lakini dereva halipi mishahara. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu ilikuwa mkononi, na kutia sahihi kungemchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mme Mathakane, kitivo kizima kinakushukuru, na walimu wanashuka kutoka milimani kukwambia wenyewe. Mimi nakushukuru kwa ajili ya watoto sitini na mmoja ambao hawatajua kamwe kwamba waliwahi kuitwa wajinga, kwa sababu karatasi ile haikwenda popote. Uende nyumbani kwa afya, miguu isikusumbue, na chai yako unywe ikiwa bado ya moto.