Mzee Penseli na Mduara Uliobaki

Binti yangu wa miaka minne ameniparamia sasa hivi mapajani, akalichorea kovu langu la shingoni miguu huku na huku, kisha akalitangazia benchi zima kwamba mama ana jongoo. Penseli na kifutio ni vya mstaafu wetu. Amempa achezee, yeye ambaye miaka yote hakuna karani aliyethubutu kumwazima hata dakika moja.

Mstaafu huyu, karani mkuu wa masjala ya hospitali yetu, anaondoka Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne kazini. Aliajiriwa kubeba mafaili tu, kijana mwembamba aliyekuwa akiogelea ndani ya koti la kazi. Leo koti halifungi kifungo, na rafu zote anazijua kama vidole vyake. Mganga mkuu aliwahi kumfunga macho kwa kitambaa ili amjaribu. Faili lilitoka lilelile lililotakiwa, na mganga mkuu akanunua soda.

Jina la Mzee Penseli alilipata kwa tabia moja. Fomu hujaza kwa wino, lakini ndani ya jalada, mahali ambapo hakuna mkubwa aliyemwagiza, huchora ukoo wa mgonjwa kwa penseli: mduara ni mwanamke, mraba ni mwanaume, aliyeugua hutiwa weusi. Hapo ndipo foleni huanza kunung'unika. Wewe unaumwa jino, yeye anauliza shangazi yako alikufa na nini! Sisi wa chumba cha kufulia tulimtania kwamba anatafuta mchumba, ndiyo maana anapeleleza koo za watu. Hujibu bila kuinua kichwa: "Ninaye mmoja, na huyo tu simalizi kumsikiliza." Ukimuuliza kwa nini penseli, atakwambia ukoo haujamaliza kuzaa.

Mimi nilimdanganya. Nilipokwenda kufunguliwa faili la uzazi aliniuliza mama yangu alikufa na nini, nikasema kifua. Ndivyo nilivyolelewa kusema. Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuvimba shingo. Nikasema kwetu wazima wote, andika. Hakuandika. Aliweka alama ya kuuliza, akanitazama kama fundi anavyotazama mlango usiofunga.

Kumbe mama mdogo, aliyenilea, alikuwa na faili humohumo kwa jina la mumewe, na yeye alishasema ukweli: saratani ya shingo, yeye na dada yake marehemu, na dada ameacha binti anayefua mashuka hapahapa. Mwingine angeniwekea faili lile mezani anisute. Mzee Penseli hakulifungua mbele yangu. Siku yake ya mapumziko alikokota baiskeli kilimani hadi kwa mama mdogo, akamwomba ruhusa. Kesho yake mama mdogo akaja mwenyewe kati ya mabeseni yetu, akafungua mtandio, nikaliona kovu. Miaka yote nilidhani anajifunga kwa sababu ya baridi. Akasema, "Mwanangu, tulificha ili upate mume. Mume umeshapata. Sasa upate na uzima."

Daktari alinieleza taratibu. Mbele ya shingo kuna tezi inayoitwa thairoidi. Saratani yake mara nyingi hairithiwi, na kuwa na ndugu aliyeugua si hukumu. Lakini ipo aina moja inayopita katika damu ya ukoo, na ndiyo yetu. Kivimbe changu kilikuwa kama punje ya dengu. Kilitolewa pamoja na tezi yote baada ya kujifungua, na sasa nameza kidonge cha kuziba pengo lake kila asubuhi kabla ya chai. Tangu hapo watu saba wa kwetu wamepimwa, hata mjomba mbishi aliyesema shingo yake ni ya ng'ombe. Na mwaka jana uongozi ulikubali mchoro wa ukoo uchapishwe ndani ya kila jalada jipya. Mzee Penseli alifurahi siku moja. Siku ya pili akalalamika kwamba miduara ni midogo.

Ila binti yangu sikumpima. Nilikuwa nakwepa. Niliambiwa uwezekano wa kuirithi kwangu ni nusu kwa nusu, nami nikawa naogopa ile nusu nyingine, ingawa daktari alisema hata akiwa nayo, tezi hutolewa mapema ugonjwa haujaanza, naye atakua na kukimbia kama wenzake. Mwezi uliopita Mzee Penseli alinionyesha jalada letu. Umebaki mduara mmoja wenye alama ya kuuliza. Akaniambia, "Mama, alama hii nitaifuta mimi kabla sijaondoka. Kama anayo nitatia weusi kwa penseli, kama hana nitaacha mweupe. Lakini kuuliza tumeuliza vya kutosha." Damu ikachukuliwa. Majibu ni leo, ndiyo maana salamu hizi za kumuaga naziandikia hapa kwenye benchi la masjala.

Mzee wetu, sisi wa kufulia, wa jikoni, wauguzi na madaktari tunakushukuru kwa kila swali ulilotukera nalo. Tunakutakia maisha mema: jua likutangulie kuamka, chai uinywe ikiwa bado moto, na huyo mmoja wako umsikilize mpaka amalize. Tunaahidi dirishani pako hatakaa mtu anayeona haya kuuliza. Nami naahidi kwamba mwanangu akikua nitamwambia yote ya kwetu, sitaficha hata... Lo, Mzee Penseli ananiita. Amesimama dirishani na daktari, bahasha imeshafunguliwa, wote wawili meno nje, na anasema nilete kifutio peke yake, penseli nimwachie mtoto, kwa hiyo mduara wa binti yangu ni mweupe!