Warren Engstrom, na Herufi Mbili Ambazo Hakuziandika

Wafiwa, majirani na nyote mliokuja na theluji hii, familia imemwomba shemeji wa marehemu, Dale Hokanson, aisome historia hii, naye anaisoma akiwa ameinamisha kichwa.

Warren Engstrom alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 mjini Duluth, Minnesota, mtoto wa tatu wa mzee Sigurd, fundi wa reli, akasoma hapahapa hadi sekondari alipomaliza mwaka 1967, akasomea hisabati chuo kikuu, na tarehe 21 Juni 1975 akafunga ndoa na Marlys, dada yake Dale, wakajaliwa watoto wawili, Kirsti na Arne.

Septemba 1979 aliajiriwa kwenye ofisi ya kompyuta iliyohudumia maktaba za miji saba, kila mji na mashine yake, zote za ukoo wa mfumo uitwao Unix lakini kila mtengenezaji na mambo yake, hata amri ileile ya kupanga skrini na kibodi, iliyofanya kazi vizuri kwenye mashine moja, kwenye nyingine ilipokelewa kimyakimya na kuvuruga kila kitu. Warren alikuwa na utaratibu wake, na tulimcheka sana kwa huo, kwamba hakuna mstari wa amri utakaotoka mpaka aendeshe gari mji kwa mji, aujaribu kwenye mashine zote saba, ndipo aandike W.E. pembeni, herufi za jina lake, kuthibitisha kwamba ameupima mwenyewe.

Mwaka 1988 alimtafutia Dale kazi palepale, akamfundisha bila kuchoka. Ijumaa tarehe 8 Februari 1991 Dale aliandika mstari mmoja, akaujaribu kwenye mashine ya mezani kwake tu, akaona uvivu kuendesha gari kwenye baridi ile, akaandika W.E. pembeni, akaenda zake ziwani kuvua samaki kwenye barafu. Jumatatu, katika maktaba sita kati ya zile saba, watu walibonyeza herufi na skrini hazikuonyesha kitu. Warren aliulizwa mbele ya ofisi nzima, akamtazama Dale, Dale akatazama viatu vyake, na Warren akasema, “Herufi ni zangu.” Tarehe 1 Machi aliachishwa kazi, akaishia kutengeneza mashine za kuondolea theluji gereji kwake, na Dale, bila haya, akakikalia kiti chake miaka kumi na tisa.

Oktoba 2018 Warren aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 31 Desemba Dale alikwenda hospitali akaungama, naye Warren akacheka mpaka akakohoa, “We shemeji! Miaka ishirini na saba, ndiyo unaniambia leo? Mie nilijua siku ileile. Nimeshakusamehe, kamwambie dada yako.” Dale akaahidi, akaingia jikoni kwa Marlys mara tatu, akanywa kahawa, akaondoka. Warren alifariki tarehe 9 Januari 2019, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chakula na kuzoa theluji mlangoni, na wafanyakazi wenzake mlioketi kule nyuma, mlioamini mpaka leo kwamba tunamzika mzembe. Karatasi aliyonipa Marlys inasema kwamba marehemu aliacha kazi kwa kosa lake mwenyewe, na mstari huo nimeuruka nikasema ukweli badala yake, kwa sababu siwezi tena kumtaja Dale kana kwamba ni mtu mwingine. Ni mimi. Kirsti, Arne, mmekua mkimwonea baba yenu aibu, na aibu ile ilikuwa yangu.

Pumzika kwa amani, shemeji, dada nimeshamwambia.